Kwa nini fosfeti inarudi baada ya kubadili maji, na nilivyoishusha kwangu

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Tangi la maji chumvi la lita 250, fosfeti (kirutubisho chenye fosforasi kinacholisha mwani) miligramu 0.9 kwa lita, mwani wa nyuzi umefunika mawe, matumbawe yamegeuka kahawia, na umebadili maji mara tatu ndani ya wiki mbili lakini kipimo kinarudi kule kule. Hali hiyo naijua. Tangi langu lilifika 0.8, na kulishusha kulinichukua karibu miezi saba. Nusu ya miezi hiyo niliipoteza kwa kuhangaika na maji, wakati fosfeti yenyewe ilikuwa imekaa kwenye mawe.

Naanzia hapo kwenye mawe, kwa sababu ndiko jibu lako liliko. Mawe na mchanga wa tangi letu ni kalsiamu kaboneti, na fosfeti hushikana nayo vizuri sana. Miezi yote ambayo maji yako yalikuwa na fosfeti nyingi, mawe yalikuwa yanaivuta na kuiweka. Leo ukitoa maji ya zamani ukaweka mapya, mawe yanaanza kuirudisha ile yaliyoihifadhi, mpaka yalingane tena na maji. Piga hesabu: ukibadili asilimia 20 ya maji yenye 0.9 unatarajia 0.72, ukirudia 0.58, ukirudia tena 0.46. Naamini ungepima saa moja baada ya kubadili ungekuta namba za karibu na hizo. Ukipima siku mbili baadaye unakuta imepanda, unadhani kipimo kimeharibika. Hakijaharibika. Unachokiona ni mawe yakitema.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele yako ni kuyakausha mawe fosfeti, kidogo kidogo, huku ukizuia nyingine isiingie. Kubadili maji peke yake hakutoshi.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha namba. Kama una kile kipimo kidogo cha kidijitali cha Hanna kinachosoma fosforasi kwa sehemu kwa bilioni, lazima uzidishe kwa 3.066 halafu ugawe kwa 1,000 ndipo upate fosfeti. Kikisoma 100, fosfeti yako ni 0.31 hivi, wala si 0.1. Mimi nilikaa wiki nzima nikijua niko salama kwa sababu sikuzidisha. Futa pia alama za vidole kwenye kichupa cha kioo na ugonge viputo vitoke. Vyote viwili vinabadilisha matokeo.

Pima vilevile maji unayojazia, siyo ya tangini tu. Maji ya bomba sehemu nyingi huwekwa kampaundi za fosfeti makusudi ili mabomba yasiliwe na kutu na risasi isiyeyuke. Kwa kunywa hayana shida, kwa matumbawe ni balaa. Na kumbuka maji yanayokauka juu ya tangi huacha fosfeti chini, kwa hiyo ukijazia maji ya bomba kila siku unailimbikiza. Tumia maji ya RO/DI, yaani yaliyochujwa kwa utando kisha kwa resini, chembe zinazonasa chumvi zilizobaki, na kipimo cha TDS, kinachopima vitu vilivyoyeyuka majini, kisome 0 upande wa kutokea. Kikianza kusoma 2 au 3, badilisha resini.

Sasa chakula. Hapa ndipo watu wengi hawapendi kusikia. Chakula kikavu cha samaki kina fosforasi karibu asilimia 1, wakati mwingine zaidi. Gramu moja ina miligramu 10 za fosforasi, sawa na miligramu 30 za fosfeti. Igawe kwa lita zako 250: ni 0.12. Gramu moja tu! Sehemu yake inajenga mwili wa samaki, nyingine inatolewa na skima, kile kifaa kinachotoa uchafu kwa povu, lakini inayobaki inabaki, na kesho unalisha tena. Mimi nilipoweka chakula kwenye mizani ya jikoni nikakuta nalisha gramu mbili na nusu kwa siku samaki sita wadogo. Nilipunguza hadi gramu moja, nikaigawa mara mbili, na hakuna samaki aliyekonda. Usiwanyime kabisa, maana hao hawana kosa. Cha kugandishwa kiyeyushe na ukichuje maji yake, ila usitegemee muujiza: fosforasi nyingi iko ndani ya nyama yenyewe, haiko kwenye yale maji.

Kuhusu vifyonza fosfeti, nitakueleza kosa langu ili usilirudie. Nilinunua chembechembe za oksaidi ya chuma, nikajaza riakta, yaani kopo ambalo maji ya tangi hupitishwa ndani yake, kwa kipimo chote kilichoandikwa kwenye pakiti, nikafungulia pampu. Siku ya nne maji yalisoma 0.03 kutoka 0.8. Nilifurahi sana. Siku ya saba matumbawe ya matawi yalianza kubanduka ngozi kuanzia chini, na mawili hayakupona. Yalikuwa yamezoea fosfeti nyingi, nikayakatia ghafla. Na baada ya wiki mbili chembechembe zilikuwa zimeshiba, kipimo kikarudi 0.5. Nilipoteza matumbawe na fosfeti nikabaki nayo.

Mara ya pili nilianza na robo ya kipimo. Nilizisuuza kwanza kwa maji ya RO mpaka vumbi jekundu likaisha, nikapunguza mkondo hadi chembe za juu zicheze tu bila kusagana. Kila siku tatu nilipima maji yanayotoka kwenye riakta na maji ya tangini. Yanayotoka yakikaribia ya tangini, mzigo umeshiba, badilisha. Utaubadilisha mara nyingi mwanzoni, usikate tamaa, ndiyo mawe yanajikausha. Sheria yangu ilikuwa kutoshuka zaidi ya 0.1 kwa wiki.

Kwa namba kubwa kama yako kuna pia kloraidi ya lanthanamu. Ni ya bei nafuu kwa kazi inayofanya na ina nguvu, lakini inataka mkono mtulivu. Inashikana na fosfeti na kuwa unga mweupe mwembamba sana, na unga huo ukizagaa tangini unawasumbua samaki kupumua. Wafugaji wengi wameona samaki aina ya kangaja wakiathirika kuliko wengine. Ichanganye na maji mengi ya RO, itone polepole ndani ya soksi ya kuchujia ya maikroni 10 au pungufu, karibu na skima, kisha osha soksi siku hiyo hiyo. Pima alkalini pia, yaani kiasi cha kaboneti ambazo matumbawe hujengea mifupa, kwa sababu nayo hushuka. Ukiona samaki anapumua haraka, acha.

Kilichonisaidia zaidi baada ya hapo ni mwani wenyewe, ila ule ninaoutaka mimi. Niliweka mwani uitwao Chaetomorpha kwenye tangi la chini, lile la vifaa linalopitiwa na maji ya tangi kuu, na taa inayowaka usiku. Kila wiki mbili navuna nusu na kuitupa. Fosfeti inatoka siku unayoutoa mwani nje, basi. Ukiuacha ufe mle mle imerudi yote.

Wapo watakaokushauri vodka au siki ili kulisha bakteria. Inafanya kazi, lakini angalia kwanza naitreti, kirutubisho chenye nitrojeni kinachotokana na taka za samaki. Viumbe hawa wadogo wa baharini hujenga miili yao kwa uwiano wa karibu atomu 16 za nitrojeni kwa 1 ya fosforasi, yaani kwa uzito wanakula naitreti 10 hivi kwa kila fosfeti 1. Naitreti yako ikiwa tayari iko karibu na sifuri, bakteria watakwama, na fosfeti itabaki pale pale.

Na usiitafute sifuri. Mimi nasimamia kati ya 0.03 na 0.1. Nilipowahi kufika pasiposomeka, pamoja na naitreti, yalikuja madinoflajeleti, ule ute wa kahawia wenye viputo, na kuyaondoa kulinitesa kuliko mwani wa nyuzi.

Mwani ulio nao sasa ung'oe kwa mkono unapobadili maji, uvute na mpira wa kufyonzea ili vipande visisambae. Huo nao umeshika fosfeti.

Niwekee hapa namba nne: fosfeti ya maji ya kujazia, naitreti ya tangi, alkalini, na uzito wa chakula unacholisha kwa siku. Nikiziona nitakwambia uanze na kiasi gani.