Mdomo umekwenda kufanya nini kinywani?

Msomaji anayeandaa kipeperushi cha kliniki ya meno anauliza: fibrosisi ya kinywa na sklerosisi ya mfumo mzima, kwa kuwa zote humzuia mgonjwa kuachama, aziite "ugonjwa wa kukaza mdomo"?

Asiziite. Aliyekaza mdomo amenuna, hahitaji daktari. Lakini kinachonichemsha damu ni huo mdomo wenyewe. "Afya ya mdomo", "saratani ya mdomo", "dawa ya kusukutua mdomo"! Kinywa kimetokana na -nywa. Ni uwazi wa ndani, pamoja na ulimi na fizi. Mdomo ni ukingo. Chupa ina mdomo, kuku ana mdomo, birika lina mdomo. Nioneshe kinywa cha birika.

Na magonjwa haya yanatengana papo hapo mpakani. Fibrosisi ni ya kinywani. Huwapata watafunaji wa popoo, ile kokwa inayotafunwa pamoja na tambuu. Arekolini, kemikali ya popoo, huchochea seli zitengeneze kolajeni, protini ya nyuzi; shaba iliyomo kwenye popoo hukipa nguvu kimeng'enya kinachozifunga nyuzi pamoja, na tanini, kemikali yake ya ukakasi, huzilinda zisivunjwevunjwe. Kolajeni hurundikana chini tu ya utando, utando hukonda, misuli ya shavu hudhoofika baadaye. Pitisha kidole shavuni kwa ndani, utagusa mikanda migumu iliyosimama wima. Ngozi ya usoni haina neno. Mtafiti Schwartz, alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1952 baada ya kuuona kwa wanawake 5 wa Kihindi nchini Kenya, aliutaja kwa Kilatini kuwa wa utando wa kinywa.

Sklerosisi huanzia kwenye mishipa midogo ya damu: kuta hunenepa, tundu hufinyika, vidole huwa vyeupe kwenye baridi. Kisha kolajeni huijaza ngozi, vinyweleo na tezi za jasho hupotea, midomo hukonda na kuzungukwa na mikunjo. Mapafu, figo na umio navyo vimo hatarini. Hapo mdomo una haki ya kutajwa.

Fibrosisi imetoka katika Kilatini cha "uzi", sklerosisi katika Kigiriki cha "gumu". Basi andika "kukakamaa kwa utando wa kinywa" na "kukakamaa kwa ngozi na ogani za ndani". "Kovu" liache, hilo hufuata kidonda. Wala usiandike "ugonjwa wa tambuu": tambuu ni jani, mkosaji ni popoo.

Kipimo cha kuachama ni milimita kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Chini ya 20 hali ni mbaya. Ukikiita "kufunguka kwa mdomo" sitakugombeza. Kinachofunguka ni mlango, si chumba.