Umefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito na kilo zinashuka polepole? Soma hapa

Ukifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito halafu kilo zikawa zinashuka kwa kusuasua, kuna swali unalibeba moyoni na humuulizi mtu: kwangu imegoma? Uliolazwa nao wodi moja wanatuma picha kwenye kundi la WhatsApp, suruali za zamani zinawapwaya mpaka wanazishikilia kiunoni kwa mkono, na wewe mizani inakupa namba ya wiki iliyopita. Nakijua kipindi hicho. Nilifanyiwa slivu, ile operesheni ya kuondoa robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, na tangu mwanzo nimekuwa mtu wa kupungua taratibu. Mpaka leo ni taratibu, lakini presha imetulia na ngazi nazipanda bila kusimama katikati kushika magoti. Nikikwambia usikate tamaa, sikufariji tu.

Tuanze na hesabu, maana wengi wetu hatukuelezwa vizuri.

Madaktari hawapimi mafanikio kwa kilo tupu. Wanaangalia uzito wa ziada, yaani kilo zilizozidi uzito unaokubalika kwa urefu wako, kisha wanauliza umepoteza asilimia ngapi ya hizo. Kwa slivu, wengi hupoteza kati ya asilimia 50 na 60 hivi, na hiyo ni kazi ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Baipasi, ile ya kuunganisha utumbo upya, kwa kawaida huzidi kidogo. Sasa chukua wanawake wawili, wote wana urefu wa sentimita 160. Kwa urefu huo, uzito wa juu unaokubalika ni kilo 64. Wa kwanza aliingia chumba cha upasuaji na kilo 150, kwa hiyo amezidi kilo 86. Wa pili aliingia na kilo 100, amezidi kilo 36. Wote wakipoteza asilimia 60 ya ziada, wa kwanza atashusha kilo 52 hivi, wa pili kilo 22 tu. Operesheni imewafanyia kazi ileile. Ila kwenye picha mmoja ni muujiza, na mwingine anaulizwa kama kweli alifanyiwa.

Mimi nilikuwa karibu na huyo wa pili. Kama hujawahi kufanya hesabu hii, kaa ufanye leo: chukua urefu wako kwa mita, uzidishe kwa huohuo urefu, kisha jibu lizidishe kwa 25. Namba utakayopata ndiyo ya kutoa kwenye uzito ulioanza nao.

Halafu kuna kule kusimama. Karibu kila mtu husimama, mara nyingi kwenye wiki ya tatu hivi, na baadaye tena na tena. Siku za mwanzo mwili unatumia akiba ya sukari iliyo kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo imeshikana na kama gramu tatu za maji. Ikitumika, maji nayo yanatoka, mizani inaporomoka, nyumba nzima inashangilia. Mwili ukianza kurudisha sehemu ya akiba hiyo, maji yanarudi, huku mafuta yakiendelea kupungua chini kwa chini. Mizani inaona jumla tu, haijui kipi ni maji na kipi ni mafuta. Na kadiri unavyopungua ndivyo mwili unavyohitaji nguvu kidogo zaidi za kuuendesha, kwa hiyo kasi ya mwezi wa kwanza haiwezi kuwa kasi ya mwezi wa nane. Kwa sisi wanawake ongeza na siku zetu: zikikaribia mwili unashika maji, na kilo moja inaweza kuonekana imerudi ilhali hujaongeza mafuta hata kidogo.

Kilichonifumbua macho ni daftari la fundi wangu wa cherehani. Nilimpelekea gauni la kitenge alipunguze, katika kipindi ambacho mizani ilikuwa imekwama na mimi nimenuna. Akafungua daftari lake la mistari, akatafuta jina langu, akanipima upya: kifua, kiuno, nyonga. Akaandika namba mpya pembeni ya zile za zamani kwa kalamu nyekundu, akaniuliza, "Dada, kiuno kimeingia inchi tatu. Nibane pande zote mbili au mgongoni tu?" Kwake yeye ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Mimi nilishindwa kujibu kwa muda. Tangu siku hiyo nina tepu yangu nyumbani. Napima kiuno usawa wa kitovu, nyonga, paja na mkono wa juu mara moja kwa mwezi. Mizani napanda Jumamosi asubuhi tu, kabla ya chai, baada ya kutoka chooni, mizani ileile kwenye sakafu ileile. Kupima kila siku ni kujitafutia msongo wa bure.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mtu anayepungua polepole anapoweza kubadilisha kitu kwa mikono yake mwenyewe.

Protini kwanza, kila mlo. Wataalamu wengi wanapendekeza angalau gramu 60 kwa siku, na wengine wanakwambia ufike 80. Ni nyingi kuliko unavyodhani ukiwa na mfuko mdogo. Mayai mawili yanakupa gramu 12. Kikombe cha mtindi usio na sukari, gramu 8. Samaki aliyeiva wa gramu 100, kama gramu 25. Kuku wa gramu 60, kama 15. Hapo ndipo unafika 60, na umekula mara nne siku nzima. Usipofika, mwili utakula misuli yako, na misuli ndiyo inayochoma nguvu hata ukiwa umekaa. Mtu anapungua kilo, kisha anakwama akiwa amechoka, nywele zinabaki kwenye kitana. (Nywele kunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita ni jambo la kawaida baada ya operesheni na kwa wengi zinarudi, lakini ukipungukiwa protini na madini ya chuma hali inakuwa mbaya zaidi.) Maharage na dengu ni vizuri, ila hesabu kwamba kikombe kizima chenye gramu 15 hutakimaliza, kwa hiyo usiyategemee peke yake. Dagaa wa kukaanga mkavu nawapenda sana kwa hili: wachache tu, protini nyingi, bei ya kawaida.

Jambo la pili ni vinavyoteleza. Mfuko mpya unakuzuia kula minofu mingi, haukuzuii kunywa. Uji wa sukari, juisi ya miwa, soda, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari: vyote vinapita moja kwa moja na saa moja baadaye unaweza kurudia. Na jihadhari na andazi la kuchovya kwenye chai. Kuku mkavu wa vipande vitatu vinne atakukalia tumboni muda mrefu, lakini andazi lililolowa linateleza kama maji, na la pili linafuata. Hata viazi vya chipsi vikitafunwa vizuri hufanya hivyo. Ndiyo maana tunaambiwa tusinywe wakati wa kula, tusubiri nusu saa hivi baada ya mlo. Maji unywe katikati ya milo, kidogo kidogo, chupa isikae mbali nawe. Kwa joto la Dar lita moja na nusu kwa siku si nyingi.

Ugali na wali sijauacha. Unakuja mwisho, kwenye sahani ya kikombe cha chai, baada ya samaki na mboga za majani. Mara nyingi ukifika zamu ya ugali, umeshiba.

Mazoezi nayasema kwa kifupi: tembea kila siku, na mara mbili tatu kwa wiki nyanyua kitu kizito, hata chupa za maji za lita moja na nusu, ili misuli ibaki. Daktari akishakuruhusu, lakini.

Kinachoniumiza zaidi ni watu. Kwetu mwili wa mtu ni mali ya ukoo. Ukipungua haraka wanauliza unaumwa nini, na unajua wanamaanisha ugonjwa gani. Ukipungua polepole wanauliza hela zote zile zimekwenda wapi. Huwezi kuwaridhisha wote, na huna deni la kumwonyesha mtu cheti cha hospitali. Chagua watu wawili watatu wanaojua ukweli wote, wengine waambie, "Nafuata ushauri wa daktari, namshukuru Mungu naendelea vizuri," kisha badilisha mazungumzo. Kwenye shughuli, mama mdogo akikujazia sahani ya pilau na kukusimamia, usibishane naye mbele ya wageni. Mwambie, "Ahsante mama mdogo, kimenitosha, naomba unifungie nikale nyumbani." Atakufungia na hatanuna, kwa sababu hukukataa mkono wake. Na kundi la WhatsApp la waliofanyiwa, ukiona kila ukitoka humo unajichukia, linyamazishe kwa mwezi mmoja. Hutapitwa na kitu.

Sasa nakuomba usikilize hili kwa makini kuliko yote. Mtu anayepungua polepole hushawishika kujibu mizani kwa njaa. Anaanza kunywa maji ya limau tu, anaruka milo, anaacha vidonge vya vitamini kwa kuwa eti vinanenepesha. Vitamini hazinenepeshi. Baada ya operesheni hizi vitamini ni za maisha: mchanganyiko wa vitamini, B12, vitamini D, kalsiamu, na madini ya chuma kwa wanaohitaji. Kalsiamu na chuma viache vipishane kwa saa mbili, na chuma usimeze kwa chai. Mtu anayetapika mara kwa mara au asiyekula kwa muda anaweza kuishiwa vitamini B1, na mwili hauna akiba yake kubwa. Ukiona miguu inakufa ganzi, unayumba unapotembea, unaona vitu viwili viwili au unachanganyikiwa, usingoje miadi ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo na uwaambie mapema kwamba uliwahi kupunguzwa mfuko wa chakula, kwa sababu kuchelewa kunaweza kuacha madhara ya kudumu kwenye ubongo.

Kliniki nayo usiikimbie kwa aibu ya kilo. Nimeona wenzangu wakiacha kwenda kwa sababu "sijapungua, nitawaambia nini?" Nenda hasa kwa sababu hujapungua. Mwombe daktari apitie dawa zako zote, maana kuna zinazozuia kupungua: insulini, steroidi kama prednisoloni, baadhi ya dawa za sonona, na kwa baadhi ya wanawake ile sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu. Usiache yoyote kwa uamuzi wako. Mwulize kama kuna mbadala. Na kwa kuwa tumegusa uzazi wa mpango, madaktari hushauri usishike mimba mpaka mwaka mmoja hadi mwaka na nusu upite, na kupungua uzito kunaweza kurudisha uwezo wa kushika mimba ghafla, hata kwa aliyekuwa anahangaika kwa miaka. Omba upimwe tezi ya thairoidi, wingi wa damu, B12 na wastani wa sukari ya miezi mitatu. Kama unakoroma na kuamka umechoka, sema, kwa kuwa usingizi mbovu unaongeza njaa. Ukienda duka la dawa kwa maumivu ya mgongo, usikubali diklofenaki wala ibuprofeni kirahisi, hasa kama ulifanyiwa baipasi, zinaleta vidonda. Uliza kwanza kuhusu parasetamoli.

Waliofanyiwa India au Uturuki wakarudi bila ratiba ya kufuatiliwa, msikae hivyo. Hospitali ya Muhimbili Mloganzila, Dar es Salaam, wana huduma ya upasuaji wa kupunguza uzito, na Nairobi pia wapo madaktari wa fani hii. Beba ripoti ya operesheni, orodha ya dawa, vipimo vyako vya tepu na chakula ulichoandika kwa wiki moja bila kuficha kitu.

Huko Sweden watafiti walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu wapatao 2,000 waliofanyiwa upasuaji, pamoja na wengine idadi kama hiyo ambao hawakufanyiwa. Operesheni za wakati ule hazikuwa slivu tunayoijua, lakini walichokiona kinatuhusu: uzito ulifika chini kabisa ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, ukarudi kidogo, na miaka mingi baadaye waliofanyiwa walikuwa bado wepesi kuliko wenzao, na waliokufa kati yao walikuwa wachache zaidi. Kwa hiyo ukipita mwaka na nusu na hujapoteza hata nusu ya uzito wako wa ziada, licha ya kufuata yote, daktari ana njia nyingine: kukupiga picha aone umbo la mfuko, kukuongezea dawa kama semaglutidi, inayopunguza hamu ya kula, mara chache operesheni ya pili. Hayo mzungumze naye ana kwa ana. Zile sindano za kupunguza uzito zinazouzwa mitandaoni, bila cheti cha daktari na bila kujulikana zilihifadhiwa wapi, usizinunue.