Laptopu nzito: jibu kutoka kwa mmoja wa waliochangia

Mkuu mleta mada, nimesoma swali lako na majibu yote uliyopewa. Laptopu ina RAM (kumbukumbu ya muda ya kushika kazi zilizo wazi) ya GB 8, kazi zako ni kuandika, barua pepe na kuchati, lakini ukibonyeza kitu unasubiri mpaka unasahau ulitaka kufungua nini, na unauliza ni kwa nini. Wa kwanza kakwambia ongeza hadi GB 16. Wa pili kakwambia uache Windows uhamie Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Wa tatu na wa nne wameanza kubishana ni Linux ipi, na wewe mwenye mgonjwa umeachwa mlangoni. Tusamehe. Mtu akituuliza njia ya kwenda kisimani, sisi tunabishana ndoo ipi ni bora.

Mimi uzito huu nimeuonja pande zote mbili, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Kwanza upande wako. Nilikuwa na laptopu nzito kama hiyo, nikafanya kila nilichosikia. Nilifuta faili, nikaweka programu ya "kuharakisha" kompyuta ambayo yenyewe ilikuwa inajiwasha kila asubuhi na kula RAM, nikapiga Windows upya mara tatu. Kila nikipiga, wiki mbili nyepesi, kisha palepale. Nikaenda Linux, tena ile ya kuijenga kila programu mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake. Nilikesha mara mbili ili kupunguza sekunde nne kwenye muda wa kuwaka. Mikesha miwili ya saa nane nane ni sekunde 57,600. Nilikuwa naiwasha mara moja kwa siku, hivyo muda wangu ungerudi baada ya miaka 39. Laptopu yenyewe ilikufa baada ya mwaka na nusu.

Kilichokuja kuiponya kabla haijafa ni kitu nilichokiona siku niliporudi Windows na kufungua kwa utulivu Task Manager, dirisha linaloonyesha nani anakula nini: prosesa (CPU, ubongo wa kompyuta) imelala kwenye asilimia 6, diski iko 100. Ilikuwa diski ya kuzunguka. Kila ikitafuta kipande cha data, kichwa chake kinasogea kama sindano ya santuri, na safari moja ni takriban milisekunde 10. Kwenye SSD, diski ya chipu tupu, hakuna kinachosogea, safari hiyo ni sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. RAM ikijaa, mfumo unahamishia mizigo diskini, na kama diski ndiyo hiyo ya sindano, basi umekwisha. Nikaweka SSD, nikaacha kukesha.

Sasa upande wa pili, ambao sijivunii. Mimi naandika programu. Kazini walitaka programu ndogo ya kujaza fomu: visanduku 12 na kitufe cha kutuma. Nikatumia Electron kwa sababu najua kutengeneza kurasa za wavuti. Kwa asiyeijua, Electron ilianza kwenye kampuni ya GitHub mwaka 2013, na inachofanya ni kuipa kila programu kivinjari chake kizima, Chromium, kilichofungwa ndani. Slack na Discord za kuchati, na VS Code ya kuandikia programu, zimejengwa hivyo. Ukifungua tatu kwa mpigo, una vivinjari vitatu visivyojuana, juu ya kile unachokijua. Fomu yangu ya visanduku 12 ikazidi MB 100. Lakini niliimaliza kwa siku tatu badala ya wiki tatu, na kwenye mashine yangu ya GB 32 ilifunguka papo hapo. Kila mtu akanisifu.

Mwaka ukapita. Siku moja nikaketi karibu na dada anayeitumia kila siku. Akabonyeza ikoni, akachukua kalamu, akaanza kupanga karatasi zake. Nikamuuliza, "Huwa inachukua muda huu wote?" Akanishangaa. "Muda gani?"

Ndiyo jibu langu kwa swali lako la kwa nini, mkuu. Zile wiki nilizookoa hazikupotea hewani, walizilipa watu wengine kidogo kidogo kila asubuhi, na hakuna aliyeletewa bili. Niklaus Wirth, baba wa Pascal, lugha ya kuandikia programu, alilalamika tangu 1995 kwamba programu zinapungua kasi haraka kuliko vifaa vinavyoongeza kasi. Na sisi kina geek tulikuwa tunacheka. Kwenye vita vya zamani vya vi na Emacs, programu mbili za kuandikia msimbo, watu wa vi walisema jina Emacs ni kifupi cha "megabaiti nane, na bado inahaha kuhamishia mizigo diskini". Megabaiti nane ndiyo ilikuwa kashfa! Wewe una mara 1,024 ya hizo na unaambiwa hazitoshi kuchati. (Mimi ni wa Vim, yaani vi iliyoboreshwa, usiniulize nimefikaje huko. Ukiifungua tupu inakuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Bram Moolenaar aliyeiandika aliwahi kujitolea huko, na alipenda anayeitumia achangie kituo cha watoto kuliko kumlipa yeye.)

Nisiwe mnafiki: uzito mwingine una sababu. Kivinjari kinatenga tovuti mbalimbali ili ukurasa mbaya usichungulie ule wa benki yako, na hilo linakula RAM. Mimi nalilipa bila kinyongo. Kinachoniudhi ni uzembe mtupu. Mfano unaojulikana ni GTA Online, mchezo wa mtandaoni uliotoka 2013. Watu walikuwa wanasubiri dakika kadhaa kuingia, na kwenye majukwaa wakaambiana wanunue prosesa mpya. Mwaka 2021 mchezaji mmoja, si mfanyakazi wa kampuni, akaifungua ndani. Akakuta mchezo unasoma orodha ya vitu kama 63,000 kutoka faili la MB 10, na kila ukisoma kitu kimoja unarudi kuhesabu urefu wa maandishi yote yaliyobaki. Kama mtu anayesoma kitabu, na kila neno analomaliza anahesabu kwanza herufi zote mpaka jalada la mwisho. Akarekebisha, muda wa kusubiri ukashuka kwa karibu asilimia 70. Rockstar, wenye mchezo, wakathibitisha na kumpa dola 10,000. Hakuna RAM ambayo ingeponya hilo.

Kwa hiyo anayekwambia "vumilia, ni sekunde chache" usimsikilize sana. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa anapima kasi ya mambo yake kwenye toleo la majaribio la Debian, mojawapo ya Linux. Akaona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali, kunakula prosesa ovyo na kunachelewa kama nusu sekunde. Wengi wetu tungeshukuru kuwa pamefunguka. Yeye akafuatilia mpaka akafika kwenye xz, programu ya kubana faili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Humo kulifichwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kumwingiza mvamizi, na aliyeuweka alijiita Jia Tan: kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa anamsaidia mtunzaji aliyeubeba mradi karibu peke yake, mpaka akaaminiwa funguo. Matoleo hayo yalikuwa bado hayajaingia kwenye Debian thabiti. Nusu sekunde tu.

Haya, laptopu yako. Usinunue kitu bado. Fungua kazi zako za kila siku zote, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kama Disk iko 100 huku CPU imelala, na diski ni ya kuzunguka, weka SSD, mengine yote yasubiri. Kama SSD unayo tayari na Memory, yaani RAM, imepita 90, nenda sehemu ya Startup uzime zinazojiwasha bila kukuomba, halafu hizo za kuchati zitumie ndani ya kivinjari badala ya kuziweka kama programu. Ukishafanya hayo na bado imejaa, hapo GB 16 ina maana, ila angalia kwanza kama RAM yake haijachomelewa kwenye ubao. Linux tutaongea baadaye, na tafadhali wa tatu na wa nne mfungue uzi wenu.

Panga safu ya Memory kuanzia anayekula zaidi, piga picha, iweke hapa tuone. Ukikuta fomu ya visanduku 12 imekaa juu kabisa, nitumie ujumbe pembeni. Ni yangu.