Kabla hujakosoa dini ya jirani, shika mzani mmoja

Juzi msomaji kaniandikia inboksi: "Mbona siku hizi huwagusi Waislamu, umetishwa?" Sijatishwa na mtu. Ngoja nikueleze, maana najua na wewe unaandika na unataka usomwe bila kuitwa mwoga.

Aprili 2015, Al-Shabaab walipoua watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa, nilikaa usiku huo huo nikaandika posti ndefu kwa hasira, nikasema shida ni hiyo dini yenyewe, basi. Ikasambazwa sana. Asubuhi nikaenda kununua mahamri na mbaazi kwa mama jirani yetu hapa Malindi, mama ambaye nimekula kwake tangu niko chekechea. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa sauti ya chini, akanifungia mahamri kwenye gazeti, na chenji akaiweka mezani badala ya kunipa mkononi kama siku zote. Nikajua kaisoma. Radhi sikumuomba, sifa za watu zilikuwa zimenilevya.

Halafu 2023 ikaja Shakahola, huku huku kwetu Kilifi. Miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni, wengi waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Mimi ni Mkristo, baba yangu mzee wa kanisa, na hakuna hata mtu mmoja aliyenijia akaniambia nyie Wakristo tokeni mlaani. Yule mama ndo alikuja mpaka mlangoni, akasema "Poleni mwanangu, mmefikwa," akakaa na mamangu mpaka jioni. Hilo linaniuma mpaka leo.

Usinielewe vibaya, dini ikosolewe. Al-Shabaab wanaua wakitaja Mungu, na mahubiri yanayowavuta vijana wetu kwenda Somalia yasemwe waziwazi, kwa maneno yake. Lakini taja aliyeua, taja kundi. Desemba 2015 kule Mandera walisimamisha basi wakataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo, wakakataa, na mwalimu Salah Farah, Mwislamu, akapigwa risasi akafa mwezi uliofuata. Sasa ukiandika "Waislamu ni wauaji" huyo unamweka wapi? Na Rwanda 1994 watu walichinjwa ndani ya makanisa, Ntarama na Nyamata, mpaka mapadri wengine wakahukumiwa, lakini sisi hatusemi Ukristo umeua, tunauliza padri gani, alifanya nini. Swali hilo hilo muulizie na mwenzako jamani! Mzani mmoja. Ukishaandika, toa neno Mwislamu weka Mkristo, usome kwa sauti, ukiona unakasirika basi hiyo sentensi futa.

Radhi nilikuja kumuomba mwaka jana, nimesimama pale pale mezani kwake. Akaniambia, "Nilidhani umesahau." Ile posti nilishaifuta ila kuna waliopiga picha, kila Aprili lazima mtu anitumie kwenye wasapu, jina langu liko pale juu.