Kejeli ipo, tena inauma

Ndugu, unasema anime, yaani katuni za Kijapani, ni ngumi na mapanga tu, hamna kejeli juu ya jamii. Tafuta filamu ya Pom Poko ya Isao Takahata, inayowahusu tanuki, ya mwaka 1994. Tanuki ni wanyama wa porini wa jamii ya mbwa, na katika ngano za Kijapani hujigeuza umbo. Humo wanapigania msitu wao unaofyekwa kupisha Tama New Town, mji wa kweli magharibi mwa Tokyo, uliopangwa miaka ya 1960.

Wanaandaa gwaride la mizimu ili kuwatisha wakazi. Watu wanafurahia! Kisha tajiri mwenye bustani ya burudani anadai hadharani kwamba lile lilikuwa tangazo lake. Unapinga, na upinzani wako unageuzwa mtaji wa mtu mwingine. Wala tanuki wenyewe hawasalimiki: wanaapa kuwafukuza binadamu wote, halafu wanakumbuka utamu wa tempura, chakula cha Kijapani cha kukaanga ambacho binadamu hupika, wanaanza kusitasita. (Wanaharakati wa namna hiyo tunawajua.) Mwishoni wenye uwezo wa kujigeuza wanavaa suti na kubanana kwenye treni kwenda kazini.

Ukitaka kali zaidi, kuna Paranoia Agent ya Satoshi Kon, 2004, vipindi 13. Mvulana mwenye gongo la besiboli anavamia watu mitaani, na polepole unaona wengi wao walikuwa wanatafuta kisingizio cha kuyakimbia mambo yao. Hiyo usiangalie na watoto.