Quake Live haijakufa, ila usiingie kama nilivyoingia mimi

Kila baada ya muda napata mtu ananiuliza swali lile lile, eti Quake Live, ile gemu ya mtandaoni ya kupigana kwa silaha, bado ina watu au nisijisumbue kuidaunlodi, na mi huwa najua kabisa kabla ya kuuliza hapa keshauliza kwingine akapewa majibu yanayogongana. Mmoja kamwambia gemu ilishakufa zamani. Mwingine kamwambia hakuna shuta (gemu ya kupiga risasi) iliyowahi kuifikia na haitatokea. Wa tatu anasema waliiharibu kwenye apdeti, wa nne anasema tatizo sio gemu tatizo ni wazee waliobaki humo, hawataki wageni. Nimecheza humo miaka mingi sasa na nikwambie ukweli, wote wanne wako sahihi, ila kila mmoja anaongelea pale alipoishia yeye. Aliyesema imekufa mara nyingi aliingia siku mbili tatu, akapigwa, akatoka.

Kwanza jua unaingia wapi. Quake Live ni Quake III Arena iliyovalishwa nguo mpya, na Quake III ilitoka Desemba 1999. Live yenyewe ilifunguliwa kwa watu 2009, enzi hizo unacheza ndani ya brauza na ni bure, halafu 2014 ikahamia Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, na 2015 ikawa ya kununua. Silaha karibu zote ni zile zile za zamani, ramani nyingi ni zile zile, Campgrounds ya leo ni Campgrounds ya 1999 iliyosafishwa tu. Kwa hiyo yule unayekutana naye kwenye mechi anaweza akawa amepita kwenye kona hiyo hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, anajua mlango upi ukitokea utatokea na uhai kiasi gani. Hilo halimfanyi awe mwizi wa kudanganya. Nasema hivi sababu wageni wengi kitu cha kwanza wanachoandika kwenye chati ni kumtuhumu mtu kwamba anatumia programu ya kulenga, na hapo ndo urafiki unakufa kabla haujaanza.

Mi usiku wangu wa kwanza niliingia dueli moja kwa moja. Dueli ni mtu mmoja kwa mmoja, dakika 10, na nilikuwa najiamini sababu kwenye mashuta mengine nalenga vizuri tu. Mechi ikaisha 38 kwa hasi 2. Ndio, hasi, kwa sababu ukijiua mwenyewe unakatwa pointi, na mi nilikuwa nimejilipua kwa roketi zangu na kudumbukia kwenye lava. Niliumia sana aisee, sio kwa kufungwa, niliumia kwa sababu sikuelewa NIMEFUNGWAJE. Nikimpiga hafi. Yeye akinigusa mara mbili nimekufa. Nikahamia seva nyingine nikatolewa kwa kura kabla hata mechi haijaisha, sikuambiwa neno lolote. Ningeishia pale na mimi leo ningekuwa naandika gemu imekufa.

Kilichonibakisha ni yule yule aliyenifunga 38. Nilirudi kwenye seva yake kesho yake, nikamuuliza tu, nakosea wapi? Akaacha kucheza akanizungusha ramani nzima kama nusu saa hivi. Na kitu kikubwa alichoniandikia ni kwamba niache kumfukuza yeye, nifuate ngao zinazookotwa chini. Jana yake yote nilikuwa namtafuta mtu, wakati yeye hakuwa ananitafuta mimi hata kidogo, alikuwa anatembea kutoka ngao nyekundu kwenda mega (kitu kikubwa cha kuongeza uhai), mega kwenda ngao, na mimi nilikuwa namkuta njiani nikiwa na uhai wangu wa kuzaliwa nao, yeye ana uhai 200 na ngao juu yake. Ndo maana nampiga hafi!

Hapa naomba nikae kidogo maana hapa ndo gemu yenyewe ilipo. Ngao nyekundu inakupa 100, ya njano 50, na mega inakuongezea uhai 100 hadi kufika 200, ila kilichozidi 100 kinapungua moja kila sekunde. Ukichukua ngao inarudi pale pale baada ya sekunde 25. Mega inarudi baada ya sekunde 35. Kila mara, bila kubahatisha. Kwa hiyo ukiokota nyekundu saa ya mechi ikiwa 3:10, itarudi 3:35, na we unatakiwa 3:30 uwe umeshafika jirani, umesikiliza, umejua adui yuko upande gani. Hesabu yenyewe rahisi, ongeza 30 toa 5. Kinachosumbua ni kuikumbuka huku unapigwa roketi. Ushauri wangu, wiki ya kwanza shika kitu kimoja tu. Usihangaike na mega, usihangaike na njano, shika nyekundu peke yake, itamke hata kwa sauti, "tatu thelathini na tano". Utafungwa bado lakini utaanza kufungwa 20 kwa 6 badala ya 38, na utaona wazi hizo 6 zimetoka wapi. Baadaye mega inaingia yenyewe kichwani. Mi ilinichukua kama miezi miwili kushika vyote viwili bila kuvuruga, na kuna mechi hadi leo navuruga nikibanwa.

Na masikio. Zima muziki wa gemu, vaa hedifoni, kwa sababu kuokota ngao kuna mlio wake, kuokota mega kuna mlio wake, kuruka kuna mlio. Mtu ambaye humwoni anakwambia aliko muda wote. Wageni wanadhani wazee wanaona kupitia ukuta, kumbe wanasikia.

Jambo la pili ni mwendo. Ukikimbia kawaida spidi yako ni 320, ndo gemu inavyopima. Lakini utaona watu wanapita kama wametupwa, 500, 600 na zaidi. Ile inaitwa strefu, unaruka mfululizo huku umeshika mbele na upande mmoja kwa pamoja, na ukiwa hewani unageuza maus taratibu kuelekea upande huo huo, kisha unaruka tena unabadilisha upande. Inafanya kazi kwa sababu gemu inapozuia spidi yako haiangalii spidi yote, inaangalia tu ile ya kuelekea unakobonyeza, kwa hiyo ukibonyeza pembeni kidogo ya unakoelekea inaona bado una nafasi inakuongezea. Ni kasoro ya hesabu ya tangu Quake za mwanzo ambayo wachezaji waliigeuza ufundi, na kwangu mimi ndo kitu kitamu kuliko vyote humo ndani. Kuna siku naingia ramani tupu bila mtu narukaruka tu dakika kumi, natoka nimefurahi.

Fanya hivyo na wewe. Dakika kumi kila ukiwasha, ramani tupu, kabla ya mechi yoyote. Usijaribu kujifunzia kwenye mechi, mikono itakamaa.

Sasa uanzie wapi? Anzia Clan Arena, usianzie dueli. Clan Arena ni timu kwa timu, kila mtu anazaliwa na silaha zote, uhai 200, ngao 100, hakuna cha kuokota, ukifa unasubiri raundi iishe. Na uzuri mwingine ni kwamba roketi yako mwenyewe haikuumizi, kwa hiyo unaweza ukajirusha kwa roketi mpaka ukachoka, unajifunza bila adhabu. Najua wapo wazee wanaosema Clan Arena sio Quake ya kweli sababu imeondoa ngao na mega, yaani imeondoa kichwa imebakiza mikono, na kwa upande mmoja nawaelewa kabisa. Lakini kwa mgeni ni sehemu ambayo akifungwa inafungwa timu nzima, halafu anakaa anawaangalia waliobaki wanavyocheza. Mi nilijifunza roketi kwa kuangalia nikiwa nimekufa, sitanii. Roketi usilenge mwili, lenga chini miguuni, mlipuko utamfikia tu. Bunduki ya umeme unashikilia unamfuata nayo akiwa karibu. Reilgani, bunduki ya risasi moja moja nzito, inatoa uharibifu wa 80 kwa risasi ila inakaa sekunde moja na nusu ndo irudi, ukikosa umekosa, usiishike mtu akiwa mbele ya pua yako.

Setingi sitakaa sana. Zima ile kitu ya maus kuongeza kasi yenyewe kwenye kompyuta, panua uwanja wa kuona ufike kama 100 au 110, kila silaha ipe kitufe chake usizungushe gurudumu la maus, na weka maadui wote wawe na umbo moja la kijani linalowaka, karibu kila mtu anafanya hivyo na sio kudanganya, imo kwenye gemu. Kuhusu pingi, yaani ule ucheleweshaji kati yako na seva, chagua seva ya karibu hata kama ina watu wachache.

Turudi kwenye maoni ya watu, kuanzia hilo la kufa. Ukiwasha gemu ukakuta seva nyingi tupu usikate tamaa, watu wanajaa saa zao, jioni na wikiendi, na wanajaa seva zile zile mbili tatu. Sehemu kubwa ya seva zinaendeshwa na wachezaji wenyewe kwa hela zao. Mi nikisikia gemu imekufa huwa nauliza seva zimezimwa au watu wamepungua, maana sio kitu kimoja. Angalia Unreal Tournament, shuta nyingine ya zamani, Januari 2023 kampuni yake Epic walizima kabisa huduma za mtandaoni za zile gemu za zamani, na bado mashabiki wakaweka orodha yao wenyewe ya seva na mechi zinaendelea. Na kodi ya Quake III, yaani maandishi ya programu yenyewe, iliachiwa huru 2005, ndo gemu ya OpenArena ikatoka humo, ya bure, hata kompyuta dhaifu inaibeba. Gemu za namna hii hazifi kirahisi hivyo. Ila kweli watu wamepungua, sitakudanganya, na ukipenda kubonyeza kitufe upate mechi sekunde hiyo hiyo na mtu wa kiwango chako, hii haitakupa.

Ugomvi mwingine utakaoukuta ni wa 2014. Mwaka ule waliweka vitu vya kuwasaidia wageni, alama inayoonyesha ngao inarudi lini, kushikilia kitufe ukaruka mfululizo, kuchagua silaha za kuanza nazo. Watu walichafukwa, mpaka leo ukiligusa jambo hilo chati inawaka. Mi msimamo wangu ni kwamba kuchagua silaha lilikuwa kosa, kwa sababu raha ya uwanja huu ni wote kuanza sawa na kugombea kilichopo chini. Lakini ile alama ya muda siioni kama dhambi. Mgeni akiiona anajua angalau kuna kitu kinarudi pale, jambo ambalo mi nililipata kwa bahati ya kukutana na mtu mwema. Seva nyingine zimeiwasha nyingine zimeizima, acha iwe hivyo.

Wengine watakwambia uende Quake Champions, Quake mpya zaidi, ambayo ilikamilika rasmi 2022 baada ya miaka mitano ya majaribio ya wazi. Ni nzuri kwa macho, na mwendo wake una raha, ila pale kila mhusika ana uhai wake na uwezo wake maalumu, kwa hiyo unapigana na mtu na pia unapigana na alichochagua. Ukiipenda kaa hapo, sina ubaya na hilo. Mi nilirudi nyuma kwa sababu nikifungwa nataka nijue aliyenifunga alikuwa na vitu vile vile nilivyokuwa navyo.

Na ninyi wakongwe wenzangu, najua mnasoma. Mnalalamika kila wiki seva hazijai halafu mgeni akiingia mnamtoa kwa kura dakika ya tatu, au mnampiga 40 kwa sifuri mnaandika gg (mechi nzuri) mnaondoka. Hamlazimiki kumwachia ashinde, hata mi sitaki kuachiwa. Mwambie kitu kimoja tu. Mwambie nyekundu inarudi baada ya sekunde 25. Inachukua sekunde ngapi kuandika hiyo?

Yule mzee aliyenifunga 38 bado yupo, tunakutana wikiendi. Mechi ya juzi kwenye ramani ya Aerowalk kanifunga 14 kwa 11, na dakika ya mwisho nilikuwa nimeshika nyekundu mimi.