Mtwara hadi Ziwa Nyasa na Makete kwa gari la kulala: jibu kwa mwenye Noah wa Lindi

Mkuu, umeuliza kama wewe na shemeji yetu mnaweza kutoka hapo Lindi na Noah yenu, mkalala humo humo wiki mbili, mkaona milima, maziwa na barafu kama wale wanandoa wa Kizungu mliowaangalia kwenye simu. Waliotangulia kujibu wamekwambia nunua Land Cruiser kwanza, wengine wamekwambia utaibiwa usiku wa kwanza. Mimi nilifanya safari ya namna hiyo na mke wangu Julai mwaka juzi, siku 16, kwa Hiace ya dizeli iliyostaafu udaladala. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Barafu tuimalize mapema. Kama uliowaona walikuwa New Zealand, kule barafuto, yaani mito ya barafu, zinateremka kutoka milimani hadi jirani na msitu. Watu wanaegesha gari, wanavaa makoti, wanatembea kwenda kuitazama. Sisi tuko karibu na ikweta. Barafu ya kudumu Tanzania iko Kilimanjaro tu, huko juu kuanzia mita 5,000 hivi, na imeshayeyuka zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Hata ile kambi ya wapanda mlima inayoitwa Barafu unaifikia kwa miguu na pumzi zako mwenyewe. Noah haina kazi huko. Barafu niliyoipata mimi ilikuwa kwenye ndoo, nitaifikia.

Gari sitalieleza sana. Nilitoa viti vyote vya nyuma, fundi seremala akanipigia kitanda cha mbao na plaiwudi, godoro la inchi nne, chini yake makreti ya vyombo. Madumu mawili ya maji ya lita 20, mtungi mdogo wa gesi, betri ya pili na paneli ndogo ya sola juu ya paa kwa ajili ya taa, simu na feni. Nyavu za mbu nilizishona kwa vipimo vya madirisha nikaweka sumaku pembeni. Ukisahau kila kitu, usisahau nyavu.

Majaribio tulifanyia ufukwe wa Msimbati, maana ukiharibu huko nyumbani ni karibu. Nikajifanya najua, nikaingiza gari mchangani karibu na maji ili tuamke tunaiona bahari. Saa tano usiku maji yakaanza kujaa na matairi yameshazama nusu. Vijana wa kijijini walikuja na kamba, na mmoja ambaye hata leseni nadhani hana akaniambia, "Bro, punguza upepo kwanza." Tukapunguza upepo kwenye matairi, gari likatoka kama halijawahi kukwama. Asubuhi mke wangu akatoa hukumu yake: kitanda kiko juu mno, mtu hawezi hata kukaa akanywa chai bila kuinamisha shingo. Tukarudi kwa fundi, miguu ikakatwa. Kwa hiyo kabla hujaaga watu, lala usiku mmoja au miwili hapo hapo Lindi, hata uani kwako.

Sasa nije kwenye kitu ambacho hukukiuliza, na ndicho kilichotusumbua kuliko barabara. Huku kwetu mtu mzima na mkewe kulala ndani ya gari ni jambo la kushangaza. Mzungu akifanya ni mtalii. Ukifanya wewe, ama umefulia ama una lako jambo. Jioni ya kwanza tulikuwa Newala, tumepanda kutoka Mtwara kupitia Mnivata, lengo letu kulala jirani na Shimo la Mungu, ule ukingo unaotazama bonde la Ruvuma, tuone kunavyokucha. Nikaenda kwa mwenyekiti, nikamsalimia, nikajieleza kwamba tunaomba kuegesha gari tulale. Mzee akaniangalia, akaliangalia gari, akauliza kwa huruma ya kweli kabisa: "Mmefukuzwa nyumba?"

Nilipojaribu kueleza kwamba ni matembezi tu nikazidi kuharibu. Akaanza kuuliza ninatoka wapi, ninafanya kazi gani, kwa nini niko karibu na mpaka. Ana haki. Ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji, na tangu vurugu za Cabo Delgado watu wa ukanda ule hawachukulii mgeni kirahisi. Aliyeokoa jahazi ni shemeji yenu. Alishuka na kanga yake, akapiga shikamoo iliyonyooka, akamuulizia mama wa nyumba, akaingia ndani. Baada ya robo saa akatoka anacheka na bibi mmoja aliyemshikia sahani ya ming'oko, vile viazi mwitu vya kwetu. Tulilala uani kwa mwenyekiti, na alfajiri kijana wake akatusindikiza ukingoni. Bonde lote lilikuwa limejaa ukungu mweupe, umetandaa mpaka huko Msumbiji, na sisi tumesimama juu yake. Nimezaliwa mkoa huu na nilikuwa sijawahi kuona.

Toka siku hiyo utaratibu ukawa mmoja: tukifika mahali, mke wangu ndiye anayeshuka kwanza, tena kabla ya saa kumi na moja jioni, kukiwa bado kweupe. Mkononi ana mfuko wa korosho. Tulibeba kilo kumi zilizobanguliwa, na nakuapia zile korosho zilitufaa kuliko paneli ya sola. Kwetu Mtwara korosho ni kitu cha kawaida, lakini ukishavuka Songea ni zawadi ya heshima. Tulilala kwenye viwanja vya misheni, nyuma ya zahanati, uani kwa watu. Mjini tuliomba kuegesha ndani ya gesti, tunalipia maegesho na bafu, kwa bei ndogo kuliko chumba. Kituo cha mafuta tulijaribu mara moja tu, Masasi. Mlinzi alikuwepo, usalama ulikuwepo, ila malori yaliunguruma mpaka asubuhi.

Trafiki nao wana lao. Hiace yenye namba ya njano, ya gari binafsi, wanajua moja kwa moja unabeba abiria kwa magendo. Kila kizuizi mlango unafunguliwa wakitafuta abiria, wanakuta kitanda kimetandikwa shuka la maua. Mmoja alifunga mlango taratibu kama aliyeingia chumbani kwa watu, akasema "safari njema".

Barabara yenyewe usiiogope. Mtwara hadi Masasi kwa kupitia Mingoyo ni kama kilomita 200, Masasi hadi Tunduru karibu hivyo hivyo, Tunduru hadi Songea kama 260, zote lami. Wazee wanaosimulia kulala njiani siku tatu wamekwama kwenye tope la Tunduru wanasema kweli, ila ni ya zamani. Milima ya mawe ya Masasi ipige picha upite. Kati ya Tunduru na Namtumbo ndipo uwe na adabu: pale ni ushoroba wa wanyama kati ya Selous na hifadhi ya Niassa ya Msumbiji, tembo wanavuka barabara. Usiku usipite. Sisi tulikuta kinyesi kibichi katikati ya lami saa mbili asubuhi, hakuna aliyesema neno mpaka tulipoona nyumba.

Ni Tunduru hapo hapo tulipogombana. Sababu ni sufuria, lakini mwenye ndoa anajua sufuria si sufuria. Nyumbani ukikasirika unatoka barazani, unakwenda kijiweni, unarudi umepoa. Ndani ya gari chumba chenu ni mita mbili kwa moja na nusu, na nje ni giza la nchi ya tembo. Tulilala mgongo kwa mgongo, magoti yangu yakigonga bati. Asubuhi tukagawana kazi: yeye watu na chakula, mimi gari na maji, na hakuna kumwelekeza mwenzio kwenye idara yake. Ilisaidia, ingawa bado anasema naegesha vibaya.

Songea tulipitia makumbusho ya Majimaji, ambako wamezikwa viongozi wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani Februari 1906. Tulikaa saa moja, tukatoka kimya.

Kutoka Songea kwenda Mbinga ndipo mtu wa pwani anaanza kushangaa. Wamatengo wanalima kwenye miteremko ambayo mimi ningesita hata kuipanda kwa miguu. Kilimo chao kinaitwa ngoro: wanalaza majani yaliyofyekwa kwa mistari inayokatana, wanayafukia kwa udongo unaochimbwa katikati, wanapanda juu ya matuta. Mlima mzima unaonekana kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha maji yanatulia kwenye vishimo, hayaporomoki na udongo. Pembeni kahawa.

Halafu ukitoka Mbinga unateremka Mbamba Bay, kilomita 66. Hapa nisikilize vizuri. Unatoka nyanda za zaidi ya mita 1,300 unashuka hadi ziwani, chini ya mita 500, kona baada ya kona. Mimi nimejifunza udereva Mtwara, ambako mteremko mkubwa ni wa kushukia Mikindani. Nikawa nashuka na gia ya nne, mguu kwenye breki, naangalia mandhari. Kwanza ikaja harufu, mke wangu akadhani gesi inavuja. Kisha pedali ikaanza kuzama. Nilipata pa kuegesha kwa bahati tu, nikaweka jiwe, moshi unatoka magurudumu ya mbele. Nikachukua dumu nimwagie maji, dereva wa fuso aliyesimama nyuma yetu akanipigia kelele niache, chuma cha moto ukikimwagia maji ya baridi kinapinda. Akasema, "Mlima unashukwa kwa gia ambayo ungeupandia." Tukasubiri dakika arobaini zipoe, tukateremka na gia ya pili mpaka chini, breki naigusa tu na kuachia. Noah yako ikiwa otomatiki, usiiache kwenye D. Shusha kwenye 2 au L. Na pedi zikaguliwe Songea kabla.

Ziwa sasa. Mke wangu ni mzaliwa wa Mikindani. Alipoona mawimbi yanapiga, upeo hauonyeshi ng'ambo, alishuka akachota kwa kiganja akaonja. Akaonja tena. "Hayana chumvi," akasema, kama anayeripoti kosa. Nyasa ni la tatu kwa ukubwa Afrika, urefu unazidi kilomita 550, na kina kinafika mita 700 hivi. Tulipanga usiku mmoja tukakaa mitatu. Usiku wavuvi wa dagaa wanawasha taa zao majini, unaona mji mzima unaelea. Samaki mbasa wa kuchoma mle, ila kuoga uliza wenyeji ni wapi: kuna kichocho kwenye maji yaliyotulia yenye majani, na sehemu nyingine mamba. Sisi tuliogea dumu letu jeusi lililoanikwa juu ya paa tangu asubuhi, maji yanakuwa vuguvugu safi kabisa.

Kwa wiki zako mbili, ningekwambia geuzia hapo. Mimi niliongeza Makete kwa ajili ya baridi: rudi Songea, panda Njombe, ingia Makete, hadi hifadhi ya Kitulo, uwanda wa mita 2,600 hivi wanaouita Bustani ya Mungu kwa maua yake. Maua ni msimu wa mvua. Sisi wa Julai tulikuta nyasi kavu na upepo unaokata masikio.

Mama mmoja wa Kikinga alitupa nafasi uani kwake. Alivyotuona na vijisweta vyetu vya Mtwara akaleta jiko la mkaa, akasema tuliingize ndani ya gari tulale nalo. Alitupenda, lakini hilo usikubali hata kwa mama yako mzazi. Hewa ya mkaa haina harufu, na ndani ya gari lililofungwa hamuamki. Tuliota moto nje, tukajaza maji ya moto kwenye chupa, tukazifunga kanga, moja miguuni moja tumboni. Kosa letu lilikuwa kufunga madirisha yote. Pumzi za watu wawili usiku kucha ziligeuka maji, alfajiri dari linatudondokea. Acha dirisha wazi vidole viwili hata kama unatetemeka.

Nilipofungua mlango, majani yote uani yalikuwa meupe kwa sakitu, ule umande ulioganda. Mke wangu akaenda kuchukua ndoo aliyoiacha nje, akaigonga kwa kidole, akaniita. Juu ya maji palikuwa na ganda la barafu, jembamba kama kioo cha taa ya chemli. Akalitoa lote zima, akalinyanyua juani, mikono inamuuma na hataki kuliachia. Yule mama wa Kikinga alisimama mlangoni anatafuna korosho zetu, anamshangaa mtu mzima anayechezea maji ya ndoo.

Jumla tulitembea kilomita 2,500 na ushee, mafuta kama lita 260, pancha mbili. Kuibiwa, hapana. Tulipoteza sufuria, ile ile ya Tunduru, na mimi sijui ilipotelea wapi.

Kuhusu Noah: usitoe viti bado. Laza vya kati na vya nyuma, pima kwa futi kutoka mgongo wa kiti cha dereva hadi mlango wa nyuma, kisha mjilaze wote wawili humo na shemeji, mlango umefungwa. Kama wewe ni mrefu kuliko mimi, na mimi nina sentimita 168, itabidi ulale mshazari. Leta vipimo hapa, nitakuchorea kitanda.